Octave Kazadi Tshibanda, aliyekwenda kuketi msituni badala ya mwenzake

Baba paroko, wazee wetu, mama zetu, ninyi wajumbe mliotoka mbali, na ninyi majirani wa hapa Likasi ambao tangu Jumanne mmekaa nasi chini ya turubai hili, familia inawasalimu na inawaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tupate kusema mbele ya jeneza hili mtu tunayemzika alikuwa nani, alitoka wapi, alifanya nini, na alichoka namna gani. Maneno haya yameandikwa na mjane wake pamoja na watoto wake, na yanasomwa na mdogo wake wa mwisho, Stéphane, kwa sababu wao wenyewe jana walijaribu kuyasoma kwa sauti wakashindwa.

Octave Kazadi Tshibanda alizaliwa hapa Likasi, mji ambao wakati ule uliitwa Jadotville, tarehe 14 Septemba 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya tisa wa marehemu baba Tshibanda Evariste na marehemu mama Mbombo Alphonsine. Baba yao aliandikishwa huko Kasai kwa kazi za migodi, akapandishwa treni pamoja na vijana wengine wa kijiji chake, akashuka hapa, na hakurudi tena kwao hata kwa ziara, basi watoto wake wakakua katika kambi ya wafanyakazi, wakisema Tshiluba ndani ya nyumba, Kiswahili kwenye bomba la maji na Kifaransa mbele ya mwalimu, bila kujua kwamba siku moja wataulizwa kwao ni wapi.

Alianza shule ya msingi kwa wamisionari mwaka 1957, akaendelea na sekondari hapa hapa Likasi, na mwezi wa Julai 1970 alipata diploma ya ualimu, lakini hakufundisha hata siku moja, kwa maana wiki ile ile baba yake alivunjika mguu kazini, na nyumba yenye watoto tisa haikuweza kungoja shule zifunguliwe. Tarehe 1 Agosti 1970 aliingia kazi ya karani katika karyere, machimbo ya mawe ya chokaa huko Kakontwe, na huko alidumu, tukiacha miaka michache tutakayoieleza, mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011.

Mwaka 1978 wafanyakazi walimchagua kuwa mjumbe wao wa sendika, chama cha wafanyakazi, naye akashangaa, kwa sababu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Walimchagua kwa ajili ya tabia moja aliyokuwa nayo, ambayo wengi wenu mmeijua na baadhi yenu imewaudhi, kwamba watu wawili wakija kwake na ugomvi hakukubali mmoja amjibu mwingine kabla hajarudilia kwanza maneno ya yule mwenzake, yote, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Wavunja mawe walikuwa wanaingia ofisini wakitoa povu, na mkubwa wa karyere naye amefura, na karani Kazadi anasema kwa upole: "Bon, weye rudilia kwanza ile yeye alisema." Saa nzima ilipita watu wakirudiliana maneno, na mara nyingi walitoka hapo wakiwa wamechoka kuliko walivyokuwa wamekasirika.

Tarehe 11 Agosti 1973 alifunga ndoa takatifu na mama Clotilde Ngalula, binti wa fundi wa treni, na Mungu akawajalia watoto watano, ambao ni Doudou, Tina, Mamie, Laure na Hadassa. Wanne wa kwanza wako hapa mbele yenu. Huyu wa tano, Hadassa, alizaliwa tarehe 2 Agosti 1991 na hakufikisha miaka miwili, na familia imekubaliana kwamba historia ya baba yake haiwezi kusomwa bila kueleza kwa nini.

Wazee mnakumbuka mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipoambiwa watoke Katanga, na sisi hatukuja hapa leo kuwasha tena moto ule, tunasema tu yaliyompata. Octave na Clotilde walitoka nyumbani kwao na watoto watano na mafurushi manne, wakaungana na maelfu waliokuwa wanangoja treni kwenye stesheni, wakakaa pale wiki saba chini ya mahema ya plastiki, mvua ikinyesha, na tarehe 19 Februari 1993 Hadassa alifariki kwa surua mikononi mwa mama yake, akazikwa siku ile ile. Siku nne baadaye treni ilifika. Waliishi Mwene-Ditu, kule kule Kasai, miaka minne, mahali ambapo watu waliwaita wageni wa kutoka Katanga, na mwezi wa Juni 1997 Octave alimwambia mke wake kwamba kaburi la mtoto wao liko Likasi na kazi yake iko Kakontwe, basi wakarudi.

Nyumba yao walikuta imekaliwa na watu wengine. Hakugombana nao. Alipanga chumba upande wa pili wa barabara, akawa anawasalimia kila asubuhi akienda kazini, na kila jioni akirudi, bila kuwauliza lolote, na mwaka 1999 wale watu walihama wenyewe, na mama wa nyumba ile akavuka barabara na kumletea ufunguo. Mama Clotilde anasema kwamba salamu zile za miaka miwili zilimkasirisha yeye kuliko zilivyowaaibisha wale watu.

Tunafika sasa kwenye ile kazi ambayo imewaleta hapa wageni wengi kuliko viti tulivyoazima.

Mwezi wa Oktoba 2013, yeye akiwa mtu wa pensheni tayari, madereva watatu wa Kakontwe waliokuwa wanapeleka chokaa kaskazini walikamatwa na kundi la waasi lililojiita Bana Musebe, vijana waliojificha katika misitu ya kule wakisema wanapigania ardhi ya wazee wao na haki yao ambayo serikali iliwanyima. Wake wa madereva walikwenda kwenye ofisi nyingi wakaambiwa wangoje, halafu wakaja kukaa kwenye baraza la Octave, na hawakuondoka. Siku ya tatu alivaa viatu vyake vya karyere, akapanda pikipiki ya kukodi mpaka mwisho wa njia, akatembea siku mbili, na baada ya siku kumi alirudi na madereva wote watatu wakiwa hai. Watu walimwuliza aliwapa nini wale waasi. Alijibu kwamba aliwasikiliza siku sita, na kwamba hakuna mtu aliyekuwa amewahi kufanya hivyo.

Mkubwa wa kundi lile, Kamanda Mulenda, hakumsahau. Mwaka 2016 serikali ilipotaka mazungumzo, na majina ya wapatanishi wengi yakapelekwa msituni, wakubwa wa siasa, wachungaji, watoto wa machifu, Mulenda aliyakataa yote akaomba yule karani wa chokaa. Wajumbe wake walipomkumbusha kwamba huyo ni Mukasai, naye Mulenda anapigania ardhi ya wenyeji, aliwajibu, kama walivyokuja kutusimulia wenyewe: "Njo ile minataka. Huyu muntu balimufukuzaka hapa na akarudia bila kuleta vita. Haiko na shamba ya kutafuta kwetu, haiko na busultani ya kutafuta. Muniletee yeye."

Barua ya serikali ilimfikia tarehe 5 Desemba 2016. Aliisoma mara mbili akaiweka chini ya redio, ikakaa pale siku nne, mpaka mama Clotilde akamwuliza kama anangoja redio imwambie aende.

Mazungumzo yalifunguliwa Kapolowe tarehe 20 Februari 2017, katika darasa la watoto lililoazimwa wakati wa saa ambazo hawakusoma, watu wazima wakikaa kwenye madawati yasiyoingiza magoti yao. Upande wa serikali aliongoza Bwana Ruffin, mwanasheria kutoka Lubumbashi, mtu wa kalamu nzuri na hasira ya haraka, na upande wa Bana Musebe alitumwa Éphraïm, kijana aliyesomea unesi, aliyewahi kuwatibu majeruhi wa kundi lile, akabaki nao, akawa katibu wao. Siku ya kwanza yote ilipotea kwa kubishana nani ataingia darasani kwanza, mwasi au serikali, nao wakasimama uani asubuhi nzima, hata saa nane mvua kubwa ikanyesha, wote wakakimbilia ndani kwa pamoja wakisukumana mlangoni, na Octave akafunga mlango akasema kwamba kikao kimefunguliwa.

Lakini siku za kucheka zilikuwa chache. Kwa miaka mitano alikwenda na kurudi, Likasi na Kapolowe, Kapolowe na msituni, msituni na Lubumbashi, akibeba barua ambazo kila upande uliandika kwa makusudi ya kuukasirisha upande mwingine, akiwarudilisha watu maneno ya wenzao mpaka sauti yao inakauka, na ukurasa mmoja uliokubaliwa mwezi wa Mei ulikataliwa mwezi wa Juni kwa ajili ya neno moja. Miguu yake ilianza kuvimba. Akifika nyumbani alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu, na Tina, ambaye ni mwuguzi, ndiye aliyepiga magoti kuvifungua.

Sasa tusikilizane vizuri, kwa sababu hapa ndipo kisa kinapoingia ambacho watu wamekisimulia kwa namna nyingi, na familia inataka kisemwe mara moja kama kilivyokuwa.

Kila Éphraïm alipotoka msituni kuja mezani, Octave ndiye aliyesimama mbele ya Kamanda Mulenda na kusema kwamba huyu kijana ataenda salama na atarudi salama, na neno hilo halikuandikwa popote, lilikuwa la mdomo wake tu. Siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 2018, Éphraïm alipokuwa anarudi kwao na karatasi ya ruhusa mfukoni, askari wa kizuizi kimoja cha barabarani walimshusha kwenye pikipiki, wakamfunga, na afisa wao akasema kwamba yeye hana habari ya karatasi ile. Akapelekwa katika kachoo, yaani mahabusu, ya kambi moja ya askari hapa mjini. Octave alipata habari Jumamosi asubuhi, akavaa koti, akaanza kuzunguka kwenye ofisi. Siku kumi na sita alikaa kwenye mabenchi ya korido. Bwana Ruffin mwenyewe alipiga simu huku na huku, akaona aibu kweli, lakini kila mkubwa alisema faili liko kwa mkubwa mwingine.

Jumapili ya Matawi, walipotoka kanisani, Octave alimwambia mke wake kwamba kesho yake atakwenda msituni kukaa kule badala ya Éphraïm, mpaka Éphraïm atakapoachiliwa. Mama Clotilde amekubali tuyasome maneno waliyoambiana, kwa sababu anasema hana tena wa kumficha.

Alimwambia: "Kazadi, uko na miaka makumi sita na sita. Uko na tension. Doudou anaoa ku tarehe kumi na ine. Unataka bakuuwe kule, shiye tuseme nini?"

Akamjibu: "Nilipana neno yangu, mama."

"Serikali njo ilivunja. Hapana weye."

"Serikali haikusimama mbele ya Mulenda. Minye njo nilisimama. Kama sirudie kule, wataua bantu ku barabara juu ya ile kijana, na hakuna muntu atakaa tena ku meza na muntu mwingine."

Mama akasema: "Na minye? Minye hauna neno yako kwangu?"

Octave alikaa kitandani akiwa ameshika viatu mkononi, halafu akaviweka karibu na mlango kwa safari ya kesho, na mama Clotilde akaenda jikoni kumfungia nguba, yaani karanga, na mikate na dawa zake za tension, ile presha ya damu, za mwezi mmoja.

Jumatatu tarehe 26 Machi 2018 aliondoka. Alipofika kambini kwa waasi, wapiganaji wengi walitaka apigwe, kwa maana habari za Éphraïm zilikuwa zimekwisha kufika, naye akapita katikati yao akasimama mbele ya Kamanda Mulenda na kusema: "Nilikuambia atarudia. Hajarudia. Minye niko hapa. Siku yeye atarudia, minye nitaenda." Mulenda akauliza nani amemtuma. Octave akasema hakuna. Mulenda akaagiza apewe mkeka.

Alikaa kule siku arobaini na nne. Hakufungwa kamba, lakini hakuruhusiwa kupita mto. Pasaka aliisherehekea peke yake kwa sala alizozijua kwa moyo. Alimenya mihogo pamoja na wanawake wa kambi, akala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo bila chumvi, akaandikia barua wapiganaji wasiojua kuandika, barua za kuwasalimu mama zao, na dawa zake zilipokwisha alianza kuamka na kichwa kizito na miguu isiyoingia tena ndani ya viatu. Baadaye alimwambia Tina kwamba hakuwa shujaa hata kidogo, kwamba kila ndege ya angani ilipopita alidhani ni mabomu, na kwamba jambo lililomsumbua kuliko hofu ni kwamba hakukumbuka kama alimuaga Laure.

Tarehe 14 Aprili 2018, siku ya Jumamosi, Doudou alifunga ndoa hapa Likasi, na kiti cha baba yake kilikaliwa na Stéphane. Doudou alimaliza sherehe bila kutoa hotuba.

Wakati ule ule, mwanamke mmoja kijana alibisha hodi kwa mama Clotilde, akiwa na mtoto mgongoni na kitambaa kichwani chenye vumbi la safari, akasema anaitwa Jaël, yeye ni mke wa Éphraïm, ametoka kijijini kumtafuta mume wake na hana mahali pa kulala. Mama Clotilde anasema kwamba alisimama mlangoni akiwaza mambo mengi, na hakuna hata moja lililokuwa la Kikristo. Kisha akamwambia: "Ingia. Bwana yako eko kwetu, na bwana yangu eko kwenu. Tutapika pamoja." Na kweli walipika pamoja wiki tatu na nusu. Kila siku wanawake hao wawili walipeleka chakula kwenye mlango wa kambi ya askari, wakasimama pale juani, Clotilde akisema na walinzi kwa Kifaransa, Jaël akinyamaza, mpaka walinzi wakazoea kuwaona, mpaka wakaona haya, na mmoja wao, ambaye hatumtaji, alimpa Bwana Ruffin jina la mkubwa aliyekuwa na faili mkononi siku zote zile.

Éphraïm aliachiliwa Jumatano tarehe 9 Mei, akatembea na Jaël mpaka kwao, akiwa na ubavu mmoja uliovunjika, na siku ya Ijumaa tarehe 11 Mei 2018 aliingia kambini. Yeye na Octave walikutana penye mto, mmoja akiingia na mwingine akitoka. Éphraïm, ambaye yuko hapa na amekubali tuseme, alimwambia: "Papa, sitakuya tena ku ile meza. Basinione tena kule." Octave akamwambia: "Uko na haki. Pumuzika kwanza." Miezi mitano ilipita kabla ya Éphraïm kurudi mwenyewe Kapolowe, akakaa kwenye dawati lile lile, na Bwana Ruffin akasimama akamwomba msamaha mbele ya wote, akiwa anarudilia kwanza, bila kuulizwa na mtu, mambo yote yaliyompata kijana yule kutoka kizuizini mpaka kachoo.

Mapatano yalitiwa saini Jumamosi tarehe 17 Agosti 2019. Wapiganaji mia mbili na kumi na wawili walitoka msituni na silaha zao, wakapokelewa kwa nyimbo, na Octave alipigwa picha katikati ya wakubwa, picha ambayo mmeiona hapo mlangoni. Tungependa historia yake iishie kwenye picha ile, lakini haikuishia hapo. Chakula kilichoahidiwa mahali walipokusanywa hakikufika kama ilivyoandikwa, mbegu hazikufika, mafundisho ya ufundi hayakuanza, na mwezi wa Machi 2020 zaidi ya nusu yao walirudi msituni, wakapigana na askari, na watu wakafa pande zote mbili, miongoni mwao Kamanda Mulenda mwenyewe. Mama mmoja wa hapa mjini, ambaye mtoto wake alitoka kwa mapatano yale na akafa katika vita ile, alikuja kusimama mbele ya nyumba ya Octave akapiga kelele: "Weye njo ulimuambia atoke! Weye njo ulimuambia!" Octave alitoka nje, akasimama mbele yake kichwa wazi, na mama yule alipomaliza, akasema: "Ndiyo, mama. Minye njo nilimuambia." Alirudi ndani, na kwa wiki mbili hakuwasha redio.

Wote tulimwambia inatosha. Daktari alimwambia inatosha. Yeye mwenyewe alisema inatosha, tena alilisema mara nyingi kuliko sisi, akikaa pale kwenye kiti: "Nimechoka. Bantu beko wazima, bazungumuze benyewe." Lakini mwezi wa Novemba 2020 Éphraïm alituma mtu kumwambia kwamba waliobaki wanataka kusema, na mtu wa kusema naye hawana, na asubuhi yake Octave akaomba koti lake.

Hapo ndipo Doudou, ambaye tangu ndoa yake alikuwa hajazungumza na baba yake zaidi ya salamu, alisimama uani na pikipiki yake, kwa sababu hakuna dereva wa kukodi aliyekubali tena kumpakia mzee mwenye miguu ile. Alimfunga baba yake kiunoni kwa kitenge cha mama, kama wanavyofungwa watoto, asianguke akisinzia, na hivyo alimbeba kwenda na kurudi safari kumi na moja. Katika safari ya pili, waliposimama kunywa maji, Doudou alimwuliza: "Papa, juu ya nini unafanya hii kazi? Banakusikiaka?"

Baba yake akajibu: "Mara mingi hapana. Lakini wakati minaikala katikati yabo, hakuna muntu anapiga risasi. Njo ile tu."

Doudou anasema kwamba hapo alielewa si yote, lakini ya kutosha, na kwamba walimaliza chupa ile ya maji wakaendelea na njia.

Mapatano ya pili yalitiwa saini Ijumaa tarehe 24 Septemba 2021, bila nyimbo na bila wapiga picha. Ni karatasi fupi. Mengi yaliyomo hayajatimizwa mpaka leo, na wajumbe wa serikali walioko hapa wanalijua hilo, nasi tunalisema kwa heshima. Lakini barabara ile ya kaskazini inapitika, na tangu siku ile hakuna dereva wa chokaa aliyekamatwa.

Ugonjwa wake ulijulikana rasmi mwezi wa Machi 2022, figo zote mbili zikiwa zimechakaa, kwa tension ya miaka mingi na kwa zile wiki alizokosa dawa. Alisafishwa damu Lubumbashi mara mbili kila wiki kwa miaka mitatu, na Doudou ndiye aliyempeleka, sasa kwa gari. Hakunung'unika, isipokuwa kwa ajili ya chumvi, ambayo alikatazwa. Tarehe 25 Mei mwaka huu alisema hataki tena kwenda. Tina alimweleza kama mwuguzi maana ya jambo hilo, naye akamsikiliza mpaka mwisho, akarudilia maneno yake yote moja moja ili binti yake ajue kwamba amesikia, kisha akasema: "Na bado sitaki, mutoto yangu." Siku nane za mwisho alilala nyumbani kwake, mama Clotilde ameketi karibu, na wageni wakiingia wawili wawili. Bwana Ruffin alikuja, na Éphraïm alikuja, wakakutana kando ya kitanda, na kwa kuwa ndivyo walivyo, walianza kubishana kwa sauti ya chini juu ya orodha ya vijana ambao hawajapewa mashamba. Laure alitaka kuwatoa nje. Octave akafungua macho, akatikisa kidole, hapana, waacheni, akafumba tena, nao wakaendelea, na tunadhani alilala usingizi mzuri kwa sauti ile. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, wadogo watatu, na watu wengi ambao hatuna neno la kuwaita. Atalazwa leo karibu na Hadassa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Likasi na wa Lubumbashi waliomhudumia, parokia yetu, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Kakontwe waliochimba kaburi kwa mikono yao, majirani waliopika na kuteka maji tangu siku ya kwanza, na mapadri na masista wa Kapolowe waliotoa darasa lao. Tunamshukuru mama Jaël, ambaye tangu Jumanne hajatoka jikoni. Tunawashukuru wajumbe wa serikali, na tunawashukuru ndugu waliotoka kaskazini, na tunaona kwamba mmekaa kwenye benchi moja, bila mtu wa kuketi katikati yenu. Bakini hivyo.

Octave, kaka yetu, mume wa Clotilde, baba wa watoto hawa, leo hakuna barua ya kupeleka, na hakuna anayekungoja ng'ambo ya mto. Vua viatu. Pumzika kwa amani.